Kimo Peke Yake Hakitoshi

Msimu ukiisha, mashabiki wa mpira wa kikapu huwa na swali moja tu: tumsajili nani? Majuzi nililisikia Mbotela, mtaa wa Eastlands wenye jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Vijana walikuwa wakiijadili timu ya chuo kikuu.

"Tunataka mtu mrefu chini ya kikapu," alisema mmoja.

"Mrefu bila mtu wa kumpa mpira?" akajibiwa. "Huyo ni mnara tu!"

Kicheko kiliwatoka, lakini hoja ilikuwa nzito. Mimi nikamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha yapata mita 2.2. Alianza mchezo huu tayari kijana mkubwa. Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kilimchukua mwaka 2006, naye akawa ukuta usiopitika. Mwaka 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya vyuo vya nchi nzima, na Memphis Grizzlies wakamteua wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Lakini miongoni mwa mabingwa wale kimo hakikumtosha. Alihamishwa timu hadi timu.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Urefu ni majaliwa ya Mungu; mkono wa kugawa mpira na jicho la kulenga ni kazi ya miaka. Basi, enyi makocha wa vyuo, msingoje kusajili waliokwisha kurefuka. Nendeni shule za msingi za Eastlands, mkawafunze wangali wafupi.