Ndama Aharaye Hufa kwa Kukaukiwa na Maji

Mfugaji, ndama mchanga akishikwa na kuhara, jua kwamba mara nyingi kimwuacho ni kupotewa na maji na chumvi za mwili. Ndama wa kilo 25 akipoteza lita 2 za maji, macho yake huzama. Akipoteza lita 3, yu karibu na kufa. Tena damu yake huzidi asidi, naye hulegea na kuacha kunyonya. Hayo yaweza kutokea kwa siku moja.

1. Namna ya kumpima.
Finya ngozi ya shingo, kisha uiachilie. Ngozi ya ndama mzima hurudi mara moja. Ikikawia kupita sekunde 2, ndama amekaukiwa. Tia kidole kinywani mwake: kinywa kikiwa cha baridi, wala hakinyonyi, hatari ni kubwa.

2. Namna ya kumtibu.
Nunua unga wa glukosi na chumvi katika duka la dawa za mifugo. Uchanganye kama ilivyoandikwa katika pakiti, kwa maji safi yenye uvuguvugu. Mpe lita 1 kila mara, mara 3 kwa siku, mpaka kuhara kukome. Usitumie sukari ya chai: tumbo la ndama mchanga haliwezi kuisaga, nayo huzidisha kuhara. Wala usimnyime maziwa kwa kudhani kwamba tumbo litapumzika. Maziwa ndiyo chakula chake. Mpe maziwa na dawa kwa nyakati mbalimbali. Ndama asiyeweza kunyonya usimmiminie kitu kwa nguvu, kisije kikaingia mapafuni. Mwite bwana mifugo upesi amtilie maji mshipani.

3. Namna ya kuzuia.
Ndama huzaliwa bila kinga katika damu yake. Huipata katika maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a. Ndama wa kilo 25 yampasa kupata lita 2 na nusu, na yafaa ayanywe ndani ya saa 6 za kwanza. Siku moja ikiisha kupita, kinga hiyo haipenyi tena kutoka tumboni kuingia damuni. Zizi liwe kavu, na ndama mgonjwa atengwe. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kwa kuwa baadhi ya magonjwa haya huambukiza watu.

Usingoje macho yazame. Anza kumnywesha siku ile ile kuhara kunapoanza.