Kanisa na Malezi ya Vijana wa Bulla Pesa

Bulla Pesa ni wadi ya mji wa Isiolo, kaskazini mwa Mlima Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, wengi wao Waborana, Waturkana, Wasomali, Wasamburu na Wameru. Mjini Isiolo Uislamu una mizizi mirefu, na makanisa yamejengwa mitaa ile ile yenye misikiti na madrasa. Watoto wa katekista na wa maalim hupiga mpira katika uwanja mmoja, na kila mmoja anajulikana ni wa nani. Kanisa linalotaka kuwafikia vijana wa mtaa kama huu linatazamwa na kila mtu.

Hatari zinazowakabili vijana hao zinatokana kwa sehemu kubwa na mahali penyewe. Barabara kuu ya Nairobi hadi Moyale inapita Isiolo, na polisi wamenasa humo shehena nyingi za bangi kutoka Ethiopia. Miraa hushuka kutoka milima ya Nyambene, ambako si mbali. Al-Shabaab nao wamewahi kuwarubuni vijana wa kaunti hii. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo ikafa, na familia za wafugaji zilizopoteza kila kitu zikasogea mijini. Mvulana wa jamii hizo aliyejua kuchunga tu hujikuta hana kazi wala heshima. Msichana naye anaweza kuozwa mapema, ingawa Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa miaka 18, au kukeketwa, jambo lililopigwa marufuku kwa sheria ya 2011.

Msaada ambao wengi huufikiria kwanza ni krusedi: vipaza sauti, kwaya, mhubiri mgeni, vijana kuitwa mbele. Mkutano wa namna hiyo una nafasi yake katika ibada, lakini kwa kijana aliyeanza kutafuna miraa badala ya kwenda shule, faida yake ni ndogo. Anachohitaji ni mtu mzima mmoja, asiye mzazi wake, atakayemfuatilia kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulifuatilia vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16 walioomba walezi katika shirika la Big Brothers Big Sisters. Baada ya mwaka mmoja na nusu, uwezekano wa waliopewa walezi kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46 kuliko wa wale waliobaki kwenye foleni. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walizichambua upya takwimu hizo. Waliona kwamba faida ilikuwa kubwa pale uhusiano ulipodumu mwaka mzima au zaidi. Ulipokatika kabla ya miezi mitatu, kijana alibaki akijithamini kidogo kuliko mwanzo.

Matokeo hayo yanagusa moja kwa moja desturi za makanisa. Wachungaji wa Kimethodisti, kwa mfano, huhamishwa kila baada ya miaka kadhaa, na vikundi vya wageni kutoka Nairobi au ng'ambo hukaa wiki moja na kuondoka. Mchungaji anafaa kuwa msimamizi wa kazi; mlezi mwenyewe heri awe mkazi, kama fundi wa pikipiki, mwalimu mstaafu au mama mwenye kibanda sokoni. Huyo hata kijana akipotea kwa mwezi mzima atakutana naye tu njiani.

Kuna mfano wa karibu wa kuigwa na kurekebishwa. Katika Umeru, makanisa mengi huandaa semina za likizo kwa wavulana wanaotahiriwa. Wavulana hutahiriwa na mhudumu wa afya, kisha hukaa pamoja na kufundishwa kuhusu mwili, pombe, wasichana na wajibu wa mtu mzima. Kanisa limechukua mpango wa jando, pamoja na kutengwa kwake na mwalimu wake, na kuujaza mafundisho ya Kikristo. Wazazi huupenda kwa sababu unafanana na walichokijua wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba semina huisha jeraha likipona. Na ukihamishiwa Bulla Pesa jinsi ulivyo, unawaacha nje wasichana wote, na pia wavulana Waturkana, ambao mila yao haina tohara. Katika mtaa mchanganyiko, ni busara kuyafungamanisha mafundisho hayo na umri au darasa.

   

Suala la dini halikwepeki. Kijana Mwislamu akija kwenye mpira au masomo ya jioni, mzazi wake aambiwe tangu mwanzo ni nani wanaoendesha na kunafundishwa nini. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza kumlazimisha mtu kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake. Karo inayolipwa kwa sharti la ubatizo ni hongo, hata kama aliyeitoa ana nia njema, na mtaa mzima utalijua jambo hilo kabla ya Ijumaa.

Ulinzi wa mtoto unahitaji kanuni kali. Mlezi wa msichana awe mwanamke. Mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, na kila anayejitolea achunguzwe kabla ya kupewa kijana. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto asiyetimiza miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai, na mkubwa zaidi anaweza kuepushwa mahakama na kuelekezwa kwenye ushauri, nafasi ambayo kanisa lenye walezi tayari linaweza kuijaza. Lakini dhuluma ya kingono haimalizwi kwa wazee kuketi kikao wala kwa maombi: hupelekwa polisi na kwa afisa wa watoto. Namba ya simu ya msaada kwa watoto nchini Kenya ni 116, na kuipiga ni bure.