Shela: mwenye nyumba yuko Ulaya, chokaa haisubiri

Anayeijua Shela kwa picha za majarida ya utalii hudhani biashara ya pale ni kuuza nyumba. Kuuza ni jambo la siku moja, nalo hufanyika kimyakimya kati ya dalali, wakili na mnunuzi ambaye huenda keshapanda ndege kabla wino haujakauka. Biashara yenyewe ni ile inayofuata: kuifumua nyumba ya matumbawe iliyochoka, kuirudishia dari, kuikandika upya, kisha kuilinda mwaka baada ya mwaka na hewa ya chumvi ilhali mwenyewe yuko Milan au Paris na huonekana kisiwani majira ya Krismasi. Mwashi, seremala, nahodha, mwenye punda, mpishi na mlinzi wote wanaishi kwa kazi hiyo. Hesabu zake hazimo katika takwimu za hoteli, maana hizi si hoteli. Wala si makazi.

Shela iko pembeni mwa kisiwa cha Lamu, kilomita tatu hivi kutoka mjini, ikitazamana na Manda ng'ambo ya mkondo. Msikiti wake wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829, enzi ambazo kijiji kilikuwa na matajiri wake. Baadaye familia nyingi zilihama, na nyumba ya mawe isiyokaliwa haidumu. Mvua hupenya sakafu ya darini, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, dari huanguka, ukuta hubaki wazi na mbuyu mdogo huota chumbani. Hoteli ya Peponi ilipofunguliwa mwaka 1967 wageni wake waliyakuta magofu ya namna hiyo, wakaanza kuuliza ya nani.

Kwa nini wenyeji waliuza? Wengi hujibu kwa neno moja, umaskini, lakini jibu hilo ni nusu tu. Chukua baba aliyefariki akaacha wana wawili na mabinti watatu, mama yao keshatangulia. Kwa mirathi ya Kiislamu nyumba hugawika mafungu saba: kila mwana mawili, kila binti moja. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, wa tatu kashafariki na fungu lake limeingia kwa watoto wake. Dari ikianza kuvuja nani atoe fedha? Nyumba haikatwi vipande saba, ila bei yake hugawika vizuri. Zamani desturi ya Lamu ilikuwa na kinga yake: baba alimjengea binti nyumba aolewe humo, akaiunga na ya mama yake kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro. Desturi hiyo ilihitaji baba mwenye uwezo wa kujenga kwa mawe. Uwezo ulipopungua, gofu liliuzwa, na fedha zikajenga nyumba ya matofali ya saruji kwingine kisiwani, yenye paa la mabati na umeme usiokatiza ukuta wa babu.

Mnunuzi wa kigeni naye hanunui kila kitu anachodhani amenunua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Waliokuwa na hati za umiliki wa kudumu waligeuziwa kuwa wakodishaji wa miaka 99 kuanzia siku Katiba ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010, na muda huo utakwisha mwaka 2109. Kwa mtu wa miaka sitini anayetaka mahali pa kuota jua, hilo halimkoseshi usingizi. Kwa mtoto atakayerithi, na kwa mjukuu atakayetaka kuuza, kila mwaka unaopita unapunguza thamani ya karatasi. Mawakili wa Pwani wanalijua hilo. Matangazo ya nyumba hayapendi kulitaja.

Basi gofu limenunuliwa. Fundi huanzia juu, kwenye boriti, kwa sababu boriti ndiyo iliyompangia babu upana wa chumba. Mti wa mkoko hautoi nguzo iliyonyooka na yenye nguvu kwa urefu wowote mtu autakao, kwa hiyo vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha hushindiliwa chokaa na kokoto, na dari huwa na uzito wa kutisha. Chumba cha mita nane, ukiweka boriti moja kila sentimita 35, hula boriti 23: korija moja, yaani ishirini, na tatu juu yake. Nyumba ya vyumba sita vya namna hiyo inataka karibu korija saba, kabla hujahesabu zitakazokataliwa kwa kupinda.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo mtu angetarajia boriti ziwe rahisi kama mchanga. Sivyo. Kusafirisha boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na soko la Arabuni lililokuwa likijaza majahazi likafungwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti nchini, na wakataji wa Lamu wakajikuta wamefungiwa pamoja na wapasua mbao wa misitu ya bara, ingawa kazi zao hazifanani. Tangu hapo mtu mwenye mradi huuliza kwanza kibali cha misitu, halafu ndipo aulize bei. Wengine wamehamia vyuma na zege, wakazibandika boriti nyembamba chini ya zege kama pambo. Nyumba ya hivyo huwezi kuijua kwa macho. Utaijua baada ya miaka kadhaa, chumvi ikishakula nondo na zege kuanza kumeguka.

Hapo ndipo ulipo mgogoro mkubwa wa ufundi huu: chokaa na saruji. Ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita au zaidi, nao hunyonya unyevu wa ardhi na kuutoa polepole. Chokaa huuachia unyevu upite. Saruji huuziba, ukapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, na huko hutoka na chumvi inayobabua rangi na kumomonyoa zile zidaka nzuri za ndani, vishubaka vya ukutani, ambazo mnunuzi alizilipia. Fundi mzuri huanza kwa kubandua saruji ya fundi aliyetangulia, na hiyo ni gharama isiyomo katika makisio ya kwanza. Kisha hulowesha chokaa shimoni kwa wiki nyingi, hukandika tabaka nyembamba moja baada ya jingine, na mwisho huja neru, lipu nyeupe inayosuguliwa mpaka ing'ae. Saruji hukauka mtu akienda kula. Chokaa inataka siku zake, na siku za fundi hulipwa.

Mawe hutoka Manda, kwenye machimbo ya Maweni, ambako hukatwa kwa mkono na kuvushwa kwa mashua. Saruji, nondo, mabomba na vigae hutoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, upande wa bara, hushushwa, hupakiwa mashuani, hushushwa tena gatini, kisha hupanda mgongo wa punda, kwa kuwa vichochoro vya Shela havina nafasi ya gari. Lami ya barabara ya Garsen, Witu na Lamu imepunguza siku za njiani, lakini haikuondoa mkono hata mmoja kati ya Mokowe na mlango wa nyumba, na kila mkono una ujira wake. Ndiyo maana kigae kilichovunjika Shela ni hasara ya kigae na safari yake yote. Punda nao wana gharama zao, ingawa hulipwa na wengine: zahanati ya hisani iliyoanzishwa Lamu mwaka 1987 hutibu wanyama, na migongo iliyochubuliwa na mawe ni sehemu ya kazi yake.

Kalenda ya mradi inakwenda kinyume na hali ya hewa. Mwenye nyumba huitaka wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu na Ulaya kukiwa na baridi. Huiachia mafundi Aprili anapoondoka, na Aprili ndipo masika yanapoingia. Mvua kubwa huosha chokaa isiyokauka, na mashua zenye shehena huwa na tabu mkondoni. Kazi ya busara ingefanywa kuanzia Agosti, kusi likipungua, lakini Agosti nako kuna wageni wa likizo. Ujenzi wa miezi sita ukigeuka miaka miwili, tuhuma hutua kwa fundi. Mara nyingi chanzo ni kalenda ya mtu aliye mbali, anayetuma fedha kwa mafungu na kuidhinisha rangi ya mlango kwa picha ya simu.

Ni kweli kwamba Shela haibanwi sana na sheria za uhifadhi. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 ni Mji wa Kale wa Lamu, hekta 16 hivi. Mjini, anayetaka kubadili ukuta hukutana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Shela ina nafasi zaidi, nayo imeitumia: ghorofa juu ya ghorofa ili kila mmoja aione bahari kabla jirani hajamziba, na juu kabisa baraza la makuti. Si chache kati ya nyumba zinazokodishwa kama "za kale" zilizojengwa tangu msingi katika miongo hii ya karibuni. Sioni ubaya mkubwa hapo. Mwashi aliyejenga daka la mlangoni na zidaka jana amehifadhi ufundi kuliko aliyepaka saruji juu ya zidaka za mwaka 1800. Ubaya uko kwenye maji. Lamu inakunywa maji yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua ikizama humo na kukaa juu ya maji ya chumvi. Birika la kale, lililofugiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, lilitumia ndoo chache kwa siku. Bwawa la kuogelea halijui ndoo, na mashimo ya vyoo karibu na visima ni hatari ya kila siku.

Hatari ya biashara yenyewe iko kwenye mkusanyiko wa wateja. Septemba 2011 watu wenye silaha walimteka mtalii Mwingereza huko Kiwayu na kumuua mumewe. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alichukuliwa kutoka nyumbani kwake Manda, akafia utekwani. Huyo wa pili hakuwa mgeni wa hoteli. Alikuwa mmoja wa wenye nyumba hawa tunaowazungumzia. Balozi zilitoa maonyo, na bima za safari hufuata maonyo ya balozi. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yalileta amri ya kutotoka nje usiku, na Machi 2020 ndege za kimataifa zilisimama hadi Agosti kwa ajili ya korona. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: miradi ilisimamishwa kwa barua pepe moja, mafundi wakarudi kuvua, walinzi wakabaki kwa nusu mshahara, na nyumba zikaendelea kuliwa na chumvi bila kujali siasa wala ugonjwa. Wamiliki waliorudi walikuta bili ya matengenezo imekua kuliko kodi walizozikosa.

Ili kupunguza mzigo, wengi hukodisha nyumba nzima kwa wiki, pamoja na mpishi wake. Kisheria, kodi ya pango kwa mmiliki asiye mkazi hukatwa asilimia 30 nchini Kenya. Kwa mazoea, mpangaji wa Milan anaweza kumlipa mwenye nyumba wa Milan, Kenya isione shilingi hata moja. Kinachofika Shela ni mishahara, samaki, mafuta ya boti na bakshishi. Kaunti ikitaka zaidi ingeanzia kwenye rejesta ya nyumba zinazolala wageni, ambazo kila mtoto wa kijiji anaweza kukutajia moja moja.

Sasa wanaonekana wanunuzi wa Nairobi. Wao ni raia, kwa hiyo miaka 99 haiwahusu. Hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini au 2 shambani kama Mkenya yeyote, hufika Manda kwa ndege mchana mmoja, na huweza kuja wikendi ya siku tatu. Kwa fundi ni habari njema, maana mteja anayekuja mara kwa mara huona ufa kabla haujawa shimo. Lakini huyo naye anataka viyoyozi. Nyumba ya Lamu ilipangwa ipumue kupitia kiwanda, yaani ua wake wa wazi, upepo ukiingia msana unaopakana na ua huo hadi ndani. Kiyoyozi kinataka kila tundu lizibwe. Hewa baridi ikikutana na ukuta wenye unyevu, ukuta hutoka jasho, na neru huanza kuota madoa meusi nyuma ya kabati. Waashi wa Shela wanaotafutwa sana siku hizi ni wale wanaoweza kumwambia mteja chumba gani kifungwe na kipi kiachwe wazi, kisha wakatoboa nusu mita ya matumbawe kupitisha bomba bila kuangusha kidaka.