Namna ya Kutandika Punda

Sogeeni karibu na redio, mshike kalamu zenu. Somo letu la leo ni kutandika punda. Labda mzee mmoja atacheka na kusema, "Mimi natandika punda tangu utoto wangu." Vema, mzee. Lakini kautazame mgongo wa punda wako. Je, hauna kidonda?

Sisi wa Tabora twakaa katika njia ya misafara ya zamani. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo mingi ilichukuliwa na wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wanyama wa mizigo walikuwa wachache, maana mbung'o waliwaambukiza ugonjwa, wakafa. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti, aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa kabla ya kufika Tabora. Matandiko ya punda wake yalishonwa Unguja kwa turubai, kamba na pamba. Pamba ya nini? Ni kwa ajili ya mgongo.

Sasa andikeni maneno haya: Mzigo haushikwi na kamba iliyokazwa sana. Mzigo hushikwa na usawa.

Kwanza, pangusa mgongo na tumbo la punda. Ondoa matope na miiba. Ukiona kidonda, usimtandike mpaka apone.

Pili, weka gunia safi lililokunjwa. Liweke mbele kidogo, kisha livute nyuma, ili manyoya yalale vizuri.

Tatu, weka tandiko. Liwe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Katikati pabaki nafasi. Uti wa mgongo usiguswe na kitu.

Nne, funga mshipi wa tumbo, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Uwe mpana, kamba nyembamba hukata ngozi. Kaza polepole. Mnyama anaweza kujaza pumzi kifuani unapomfunga, kwa hiyo mtembeze hatua chache, kisha kaza tena. Vidole viwili vipite chini ya mshipi. Wachunga ng'ombe wa Marekani hutumia tandiko zito la farasi, na mara nyingi lina mishipi miwili. Wao hufunga wa mbele kwanza, na wakati wa kufungua huufungua mwisho. Kwa nini? Farasi akishtuka huku tandiko limeshikwa na mshipi wa nyuma tu, litamzunguka mpaka chini ya tumbo. Hapo atarusha mateke na kuumia.

Tano, funga kamba ya kifuani na ya mkiani. Mabega ya punda hayakuinuka kama ya farasi, basi kwenye mteremko tandiko hukimbilia shingoni. Kamba ya mkiani huizuia hatari hiyo.

Sita, pakia pande zote mbili kwa pamoja, watu wawili. Debe moja la maji la lita 20 kulia, na jingine kushoto. Hizo ni kilo 40. Punda mwenye uzito wa kilo 150 asizidishiwe kilo 50. Wakati wa kupakua, shusheni pande zote mbili pamoja vilevile.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda akipiga teke unapomkaza mshipi, huenda anakuambia kwamba anaumia. Msikilize. Kidonda cha mgongoni huchukua siku nyingi kupona, na siku zote hizo maji hurudi kichwani kwa mama.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini uti wa mgongo usiguswe na tandiko?
2. Kamba ya mkiani yafanya kazi gani?
3. Debe la kulia limejaa, la kushoto limefika nusu. Eleza yatakayotokea njiani.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kisimani, tia vidole viwili chini ya mshipi. Kwaherini.