Dawa ya programu mbili zisizosikilizana

MNAMO Septemba 1999, chombo cha anga za juu cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulibainisha kwamba programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya pauni, nayo nyingine ikazisoma kama nyutoni.

Kutoelewana kwa namna hiyo huzikumba pia tovuti za kawaida. Tovuti nyingi huendeshwa kwa programu mbili: moja katika seva, ambayo hutunza data, na nyingine katika simu au kompyuta ya msomaji, ambayo huionyesha. Kabla ya kutumwa, data hupangwa na kufungwa na sehemu iitwayo serialaiza.

Katika tovuti ya gazeti, kwa mfano, rekodi ya habari hubeba ndani yake rekodi ya mwandishi, nayo hiyo hubeba nambari yake ya simu. Ni kasha ndani ya kasha.

Nambari hiyo ikihifadhiwa kama hesabu, sufuri ya mwanzo hupotea. Wasimamizi wa seva wakiigeuza kuwa maandishi bila kuwaarifu wenzao, programu ya upande wa pili huendelea kusubiri hesabu. Ukurasa ukiharibika, msomaji ndiye huwa wa kwanza kujua.

Dawa ni kuandika maelezo hayo mara moja tu. Katika mfumo wa Django, uliobuniwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, zipo zana za kusoma serialaiza na kutoa maelezo ya pamoja kwa muundo wa OpenAPI. Kutokana na maelezo hayo, kompyuta huandika yenyewe aina za data kwa TypeScript, lugha iliyozinduliwa na Microsoft mwaka 2012.

Kila kasha la ndani hupewa jina na kurejelewa kwa jina hilo. Pasipo hivyo, maoni yenye majibu, na majibu yenye majibu mengine, yangezaa maelezo yasiyo na kikomo.

Hata hivyo, TypeScript hukagua aina hizo programu inapoundwa tu. Tovuti ikishaanza kazi, haichunguzi data inayoingia. Kwa hivyo, serialaiza inapobadilishwa, sharti aina hizo zizalishwe upya. La sivyo, pande hizo mbili zitakuwa na mkataba uliokwisha kupitwa na wakati.