Makmende, picha 165 na swali la mama

Mwaka jana nilikuwa nyumbani Ruangwa kwa likizo fupi. Mama akanitolea simu ya zamani iliyofungwa kwenye kitambaa. Ndani yake kuna video moja ya kaka yangu, sekunde 11 tu. Kaka alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2014, na hiyo ndiyo video pekee tuliyobaki nayo. Video inakatika pale pale anapoanza kucheka.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe si umesoma? Huwezi kuirefusha kidogo?"

Makala hii ni jibu langu kwa mama. Lakini ili ulielewe, inabidi kwanza nikupeleke kwenye kibanda cha video.

Kaka ndiye aliyekuwa anaendesha kibanda cha mtaani kwetu: jenereta, deki, televisheni moja ya kichogo, mabenchi ya mbao. Pale ndipo tulipojifunza kwamba stelingi hafi. Siku moja akarudi kutoka Nachingwea na memori kadi iliyojazwa nyimbo. Katikati ya Bongo Fleva kulikuwa na kitu cha ajabu kutoka Nairobi: "Ha-He" ya Just A Band.

Kama huwajui, Just A Band ni kundi la vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Video zao hawakuzichukulia kama pambo la wimbo. "Iwinyo Piny" waliifanya kwa katuni. "Ha-He", iliyotoka Machi 2010, waliipiga kama filamu ya mapigano ya miaka ya 1970, na stelingi wao akaitwa Makmende. Jina hilo watoto wa Nairobi walikuwa wakilitumia zamani kumtania mtu anayejiona shujaa, na inasemekana limetokana na maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu ya mwaka 1983, yaliyotamkwa kwa masikio ya mtaani. Ndani ya siku chache Wakenya walijaza mtandao utani wa Makmende na magazeti ya kubuni yenye sura yake.

Kitu ambacho kaka alikipenda zaidi ni kimoja: mhusika akitokea, picha inaganda, jina lake linaandikwa kwenye kioo, halafu mambo yanaendelea. Akaanza kuigiza hivyo. Anatembea chini ya mikorosho, anageuka ghafla, anaganda, na sisi tunatakiwa tupaze sauti kutaja jina. Ile video ya sekunde 11 ndiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Sasa tuje kwenye sayansi. Video haina mwendo ndani yake. Ina picha zilizoganda, moja baada ya nyingine, ambazo mafundi huziita fremu. Sinema kwa kawaida huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Simu nyingi za leo hurekodi 30. Mwendo unaouona unatengenezwa na ubongo wako. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba ukiwasha alama mbili zilizo mbalimbali kwa kupokezana haraka, mtu haoni alama mbili, anaona moja inayohama. Hebu jaribu mwenyewe: chora mtu kwenye kona ya daftari, kila ukurasa msogeze mguu kidogo, kisha ziachie kurasa kwa dole gumba. Zikipita kama 10 au 12 kwa sekunde, mtu wako anaanza kutembea.

Kwa hiyo kuchelewesha video kunataka maandalizi kabla ya kurekodi. Ukirekodi fremu 240 kwa sekunde, kisha ukazionyesha kwa kasi ya 30, ngumi ya sekunde moja inachukua sekunde 8, na kila hatua yake ipo, imepigwa kweli. Ila kila fremu inapata mwanga kwa muda usiozidi sehemu moja ya 240 ya sekunde. Ndiyo maana video za namna hii zinapendeza juani, na ndani ya nyumba zinatoka na giza.

Simu yetu ilirekodi fremu 15 kwa sekunde. Zidisha kwa 11: picha 165. Hizo ndizo tulizonazo za kaka akiwa anatembea. Nikizichelewesha mara tano, zinapita 3 kwa sekunde, na ubongo unakataa kuziunganisha. Kaka anaruka ruka kama karatasi.

Utasema, si kuna programu za kujaza? Zipo, na nilijaribu. Programu inaitazama picha ya 40 na ya 41, inakadiria kila nukta imehamia wapi, kisha inachora zile za katikati. Kwa mpira unaokwenda moja kwa moja, inafanya kazi vizuri sana. Lakini uso wa mtu anayeanza kucheka ni kitu kingine. Kati ya fremu zetu mbili kuna pengo la milisekunde 67 hivi, na hapo mdomo unaweza kufanya mengi. Nilipoitazama kazi ile taratibu, nikakuta meno ambayo hayakuwa ya kaka. Kilikuwa kicheko kizuri tu, ila si chake.

Nikafuta. Kisha nikawakumbuka Just A Band.

Kugandisha picha hakuhitaji kubuni kitu. Unachukua fremu moja ya kweli na kuirudia. Nikachagua ile ya mwisho, kaka kageuka, mdomo ndiyo kwanza unafunguka. Nikairudia mara 60, yaani sekunde 4, na chini nikaandika jina lake kwa herufi kubwa za njano. Sasa video ina sekunde 15, na picha 60 zilizoongezeka zote ni ileile moja.

Nilimwonyesha mama na nikamweleza hivyo hivyo nilivyokueleza wewe: sijaongeza kitu, nimemsimamisha tu. Akaniambia niirudie. Ilipoganda, akalisoma jina kwa sauti, kama tulivyokuwa tukifanya sisi watoto.

Basi, kama nyumbani kuna mtu unayempenda, mrekodi leo mchana, nje, kwenye mwanga, kwa fremu nyingi kadiri simu yako inavyoweza. Lile faili la asili lihifadhi mahali pawili, maana ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida linabanwa na kupoteza ubora. Na usiwahi kubonyeza kitufe cha kuzima. Mimi nilibonyeza mapema.