Sauti ya Martin Luther King katika Tangazo la Biashara: Mfano wa Magari ya Ram

Tarehe 4 Februari 2018, wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kampuni ya Ram ilirusha tangazo la pikapu lililoambatana na sauti ya mwanaharakati wa haki za kiraia, Martin Luther King. Sauti hiyo ilitokana na mahubiri aliyoyatoa katika Kanisa la Ebenezer, Atlanta, tarehe 4 Februari 1968. Sehemu iliyoteuliwa ilisifu moyo wa kuwatumikia watu. Hata hivyo, katika mahubiri hayohayo, King aliwatahadharisha waumini dhidi ya watangazaji wanaowashawishi watu kununua magari ili wawatie wivu majirani. Sehemu hiyo iliachwa.

Matumizi hayo yalikuwa na kibali cha wasimamizi wa hakimiliki za King. Kwa hiyo, lawama zilizozuka zilihusu maana zaidi kuliko ruhusa: maneno yaliyotengwa na muktadha wake yalitumika kunadi kile ambacho msemaji alikikemea. Hivyo basi, kibali cha kisheria hakitoshi kuwa kipimo cha heshima kwa mwanaharakati. Kipimo hicho ni ujumbe wake mzima, ikiwemo sehemu inayomkosoa anayeutumia.